Jicho linaniuma na wasiwasi haunipi usingizi: niende lini kwa daktari?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako wa kimyakimya, leo yamenifika. Ni mwanamume wa miaka 41, kazi yangu ni ya hesabu. Kutwa macho yako kwenye kompyuta na jioni yanahamia kwenye simu. Miezi michache iliyopita jicho la kushoto lilianza kunisumbua. Si maumivu ya kumliza mtu. Mara linachoma kama lina mchanga, mara linavuta kwa ndani, upande wa nyuma. Asubuhi huwa afadhali, taabu ni jioni. Kuna siku haliumi kabisa, na hapo ndipo ninapokaa nikilisikilizia.

Kinachonitia hofu ni mama yangu. Yeye ana presha ya macho, na iligundulika wakati jicho lake moja limeshapoteza sehemu kubwa ya nuru. Tangu nianze kuumwa nimejigeuza mpima macho wa nyumbani. Kila usiku naziba jicho moja nasoma kalenda ya ukutani, kisha naziba la pili nalinganisha. Nalibonyeza kwa kidole nione kama limekuwa gumu, maana nilisoma mahali kwamba presha ikipanda jicho hukakamaa. Naamka usiku kujitazama kwenye kioo. Mke wangu amechoka, anasema jicho halina ugonjwa, mgonjwa ni uoga wangu.

Nilikwenda kwenye duka la miwani, nikasomeshwa herufi, nikaambiwa naona vizuri. Nilitoka na furaha, lakini usiku wa siku hiyohiyo wasiwasi ulikuwa umerudi. Baadaye mwenzangu kazini akanipa matone yaliyombakia, aliyoandikiwa alipougua macho mekundu. Yamenifaa sana: nikiweka tu, wekundu unaondoka na kuchoma kunapoa. Nikiacha, hali inarudi, basi nimeendelea nayo kwa wiki kadhaa sasa.

Naomba unieleze: maumivu ya jicho yakifika kiwango gani ndipo mtu aende hospitali? Naogopa kumpotezea daktari muda kwa jambo dogo. Na niseme ukweli, naogopa vilevile kwenda nikaambiwa jambo kubwa.

Mwanao,
Nalala Jicho Moja

Marahaba mwanangu.

Kabla sijagusa ulichouliza, nianze na kitu ulichokipitia juujuu: ile chupa ya mwenzako. Katika barua yako yote hakuna kilichonishtua kama hicho.

Matone yanayofuta wekundu upesi namna hiyo huwa ni ya aina mbili, na zote mbili sizipendi mikononi mwa mtu ambaye hajaonwa na daktari. Yapo yenye dawa ya kubana mishipa ya damu, kama nafazolini au tetrahidrozolini. Jicho linakuwa jeupe kwa saa chache, dawa ikiisha nguvu mishipa inatanuka tena, wakati mwingine kuliko mwanzo, nawe unaongeza tone jingine. Hayo yanaudhi tu. Ninayoyahofia ni yenye steroidi: deksamethasoni, betamethasoni, prednisoloni na jamaa zake, mara nyingi zikiwa zimechanganywa na antibiotiki ndani ya chupa moja. Steroidi hutuliza karibu kila jicho linalowaka, ndiyo maana watu hupeana kwa moyo mweupe. Lakini kwa baadhi yetu hupandisha presha ya jicho ndani ya wiki chache, tena bila maumivu yoyote, na watoto wa wagonjwa wa presha ya macho ni miongoni mwa wanaopatwa na hilo zaidi. Zikitumika muda mrefu huleta mtoto wa jicho. Na kama kinachokuuma ni kidonda cha virusi vya herpesi kwenye konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, steroidi bila dawa ya virusi hukiacha kidonda kitambae.

Umeona ilivyo? Unakesha ukiuogopa ugonjwa wa mama, na huku huenda ndio unaoualika kwa tone la kila asubuhi. Soma maandishi ya chupa leo hii. Ukikuta jina mojawapo kati ya hayo ya steroidi, basi swali lako la niende lini limekwisha jibika: wiki hii, kwa daktari wa macho, na chupa uibebe. Mweleze umetumia kwa muda gani na mara ngapi kwa siku. Yeye ndiye atakayeamua uache palepale au upunguze kidogokidogo, kwa kuwa jicho lililozoea steroidi huweza kuwaka upya zikikatwa ghafla. Maandishi yakiwa yamefutika, ihesabu kuwa ni steroidi. Achilia mbali kwamba chupa nyingi za matone huandikwa zitupwe wiki 4 baada ya kufunguliwa, na hiyo yako ilifunguliwa na mgonjwa mwingine, ikaguswa na kope zake zilizokuwa na ugonjwa.

Sasa kiwango. Nakuelewa kwa nini umeuliza hivyo, kwa sababu sehemu nyingine za mwili ndivyo tunavyozipima: kidole kikiuma kidogo tunavumilia, kikiuma sana tunakwenda. Jicho halina uaminifu huo. Konea ina ncha za neva nyingi mara mamia kuliko ngozi, kwa hiyo punje ya vumbi au mkwaruzo wa ukucha wa mtoto unaweza kumfanya mtu mzima ashindwe kufungua jicho, na bado mkwaruzo mdogo hupona kwa siku 1 hadi 3. Upande wa pili, presha ya macho ya kawaida, ile inayokwenda polepole, haiumi. Hula neva ya macho kuanzia pembeni mwa uono, na kwa kuwa jicho jingine hufidia, mtu huja kushtuka wakati kilichobaki ni kama kutazama ndani ya bomba. Kisukari nacho huharibu retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, bila kuuma, na mtoto wa jicho huwa hivyohivyo.

Kwa hiyo kuuma kwa jicho lako si ushahidi kwamba umerithi ugonjwa wa mama, na lisingeuma isingekuwa ushahidi kwamba umepona nao. Ungestahili kupimwa presha ya macho hata kama jicho hilo lingekuwa halijawahi kukusumbua maishani, kwa sababu moja tu: wewe ni mtoto wake, na umevuka miaka 40. Hayo ni mambo mawili tofauti, mwanangu, nawe umeyafunga kamba moja. Ukiyatenganisha, hata hofu yenyewe itapungua ukubwa.

Badala ya ukali wa maumivu, tazama yamekuja na nani.

Yakija na uono uliopungua ghafla, uwe ukungu, giza upande mmoja, au kuona vitu viwili viwili, hiyo ni safari ya siku hiyohiyo. Yakija na jicho jekundu lisilostahimili mwanga, hata mwanga wa dirishani unalichoma kwa ndani, ni siku hiyohiyo pia, maana huo ndio mwenendo wa uvimbe wa ndani ya jicho unaoitwa uveitisi, na ndio mwenendo wa kidonda cha konea. Maumivu mazito ya kutoboa yanayokuamsha usingizini na kusambaa hadi kwenye taya au kipaji, hasa kwa mwenye baridi yabisi, yanaweza kuwa uvimbe wa ule weupe wa jicho. Usimeze dawa ya maumivu ukalala.

Ipo aina ya presha ya macho ambayo haina kimya hicho. Njia ya kutolea maji ya jicho huziba ghafla, presha ambayo kwa kawaida huwa kati ya 10 na 21 kwa kipimo cha milimita za zebaki inaruka hadi 50 au zaidi. Jicho huwa jekundu, linauma vibaya pamoja na kichwa, taa zinaonekana zimezungukwa na duara za rangi, mboni inabaki imetanuka haisinyai ikimulikwa, na mtu anatapika. Huko kutapika ndiko kunakowapoteza watu. Mgonjwa hupelekwa kutibiwa tumbo au kipandauso, jicho linasahaulika, na saa zinazopotea ndizo zinazoondoka na nuru. Hutokea zaidi kwa wenye umri mkubwa, kwa wanawake kuliko wanaume, na kwa wasioona vizuri vitu vya karibu tangu utotoni. Mara nyingi jioni au gizani, mboni inapotanuka. Baadhi ya dawa za mafua na mzio zinaweza kuichochea kwa mtu ambaye njia yake ya maji ni nyembamba. Ikiwahiwa, presha hushushwa kwa dawa, kisha leza hutoboa tundu dogo kwenye airisi, ile duara yenye rangi inayozunguka mboni, ili maji yapate pa kupita. Hali hii haiji na kuondoka kila jioni kwa miezi kama ulivyoeleza wewe, ingawa kuna watu wachache hupata vishindo vidogo vya saa moja au mbili kabla ya kile kikubwa: ukungu, duara kwenye taa, kichwa upande mmoja, halafu shwari. Kama umewahi kuona duara hizo, mwambie daktari hata kama siku hiyo huzioni.

Wanaovaa lensi za machoni wana sheria yao, nayo ni fupi. Jicho lenye lensi likiuma na kuwa jekundu, lensi inatoka palepale na mtu anakwenda kuonwa siku hiyo. Bakteria wa kwenye lensi wanaweza kuitoboa konea ndani ya siku 1 au 2, na kuna kijidudu cha majini, akantamiba, kinachopenda watu wanaoosha lensi kwa maji ya bomba au kuogelea nazo. Maumivu yake huzidi ubaya unaoonekana kwenye jicho, na matibabu yake huchukua miezi.

Kemikali haisubiri hata safari. Chokaa, saruji, dawa ya kufulia yenye klorini, maji ya betri, chochote kikiingia jichoni, fungua bomba hapohapo, shikilia kope wazi, osha kwa maji safi mengi kwa dakika 15 hadi 30, ndipo uende. Chokaa na saruji ni mbaya kuliko asidi nyingi kwa sababu huendelea kuzama ndani. Naye aliyekuwa anapiga nyundo kwenye chuma au anakata kwa mashine, kisha akahisi kitu kimemgusa jichoni, aende hata kama haumwi: kipande kidogo chenye kasi hupenya kikaacha mlango ambao hauonekani kwa kioo cha nyumbani. Asilifikiche, asilisukutue, alikinge tu na kitu kigumu kisicholigusa. Fundi wa kuchomelea ambaye macho yote mawili yanaanza kuwaka usiku, saa 6 hadi 12 baada ya kazi, huyo ameunguzwa na mwanga. Kwa kawaida hupona kwa siku chache, ila asipewe matone ya ganzi aende nayo nyumbani. Ganzi ikirudiwarudiwa huzuia konea isipone.

Nyingine nazitaja kwa haraka. Maumivu yanayokuja ukilizungusha jicho, huku rangi nyekundu ikionekana imefifia upande huo, yanahusu neva ya macho na yanataka daktari upesi. Kope iliyovimba pamoja na homa, jicho likitokeza au likigoma kuzunguka, ni hospitali usiku huohuo, kwa watoto hasa. Mkanda wa jeshi ukitokeza kipajini, na zaidi ukifika ncha ya pua, jicho limo hatarini. Mtu wa zaidi ya miaka 50 mwenye maumivu mapya ya panda za uso, taya zinazochoka akitafuna, na uono unaokatika na kurudi, asingoje asubuhi.

Chokea, tongotongo na macho mekundu ya kuambukizana mara nyingi hujiishia. Hapo kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu na kunawa mikono hufanya kazi kubwa. Nakataa kimoja tu: maziwa ya mama, mkojo, maji ya sukari na majani yaliyotwangwa. Nimeuguza macho muda mrefu kabla ya kuandika safu hii, na konea nilizoona zimeharibiwa na dawa za nyumbani ni nyingi mno.

Turudi kwako. Uliyoyaandika, kuchoma kama mchanga, afadhali asubuhi, taabu jioni, kutwa kwenye kompyuta, yanafanana sana na jicho kavu lililochoka. Mtu akitazama kioo cha kompyuta hupepesa macho mara chache sana kuliko kawaida yake, na kila asipopepesa machozi hukauka juu ya konea. Ajabu yake, jicho kavu linaweza hata kutoa machozi mengi, maana linajitetea. Pamoja na hilo uko kwenye umri ambao macho huanza kupoteza nguvu ya kuona karibu, nawe kazi yako ni tarakimu ndogo. Kule kuvuta kwa nyuma kunaweza kuwa ni jicho linalojikamua lione. Herufi za ukutani dukani zilipima uono wa mbali. Hazikusema lolote juu ya hilo, wala juu ya presha, wala juu ya neva. Hawakukudanganya waliosema unaona vizuri. Walijibu swali jingine.

Hata hivyo mimi siliponyi jicho kwa barua, na jicho lililowekewa matone yasiyojulikana kwa wiki kadhaa silisemei. Ukienda, omba mambo haya kwa majina yake: upimwe presha ya macho yote mawili, jicho litazamwe kwa darubini yenye mwanga mwembamba, litiwe rangi ya kuonyesha mikwaruzo, na neva ya macho itazamwe mboni ikiwa imetanuliwa kwa dawa. Hilo la mwisho usikubali kulikosa, kwa sababu wapo watu wenye presha ya kawaida kabisa ambao neva yao inaliwa. Wakiwa na kipimo cha uono wa pembeni, bora zaidi. Kitabaki kuwa kumbukumbu ya kulinganishia miaka ijayo. Dawa ya kutanua mboni hufanya mwanga ukere na maandishi ya karibu yapotee kwa saa kadhaa, basi usiende ukiendesha gari, na siku hiyo usijipangie hesabu. Mkeo akusindikize. Najua amechoka, lakini akisikia maelezo ya daktari kwa masikio yake, hatakuwa tena anabishana nawe usiku.

Usijali juu ya kumpotezea daktari muda. Mtoto wa mgonjwa wa presha ya macho, mwenye jicho linalouma na chupa ya matone mfukoni, ndiye hasa anayetakiwa kukaa kwenye kile kiti. Kuhusu kuogopa kuambiwa jambo kubwa: presha ikikutwa mapema hushikwa kwa matone ya kila siku au leza, na watu wengi huzeeka wakiona. Kinachopotea hakirudishwi na dawa wala upasuaji, kwa hiyo mwenye sababu ya kuogopa zaidi ni yule anayeahirisha. Mama yako aligunduliwa amechelewa. Wewe una jina la ugonjwa mkononi kabla haujakuanza, kama utakuanza.

Hadi siku hiyo, mambo ya kioo yaishe. Kuziba jicho moja moja ni kipimo kizuri kikifanywa mchana, macho hayajachoka, mara moja kwa wiki. Usiku wa manane mtu yeyote aliyechoka anaweza kuona jicho lake moja limefifia. Kulibonyeza uache leo. Kidole hakijui presha, na jicho linalobonyezwa kila usiku litauma hata lingekuwa zima. Kazini, kila baada ya dakika 20 tazama kitu kilicho mita 6 mbele kwa sekunde 20, upepese kwa kukusudia, na shusha kioo cha kompyuta kiwe chini kidogo ya usawa wa macho ili kope zifunike sehemu kubwa zaidi. Ukiona lolote kati ya yale ya siku hiyohiyo, ratiba ya miadi haina maana tena, nenda.

Ukiwa kwa daktari, kabla hujanyanyuka muulize: nikiona nini nirudi kabla ya tarehe uliyonipa? Andika jibu. Litakufaa saa 8 usiku kuliko kurasa zote unazosoma kwenye simu.

Na kaka na dada zako wa tumbo moja je, wao wamewahi kupimwa? Wapigie simu, nao ni watoto wa mama huyohuyo.

Shangazi